Pawatila imegoma kuwaka, fundi anataka kufungua hedi ya injini. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela

Mkulima wa Usangu
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbarali, nalima mpunga. Nina pawatila ya Kichina ya HP 12, injini ya dizeli ya silinda moja, ile iliyolala, ya kuwasha kwa hendeli. Tuliinunua na kaka yangu mwaka 2010, kipindi cha Kilimo Kwanza, na ndiyo imetusomeshea watoto.

Mwezi wa saba tulisombea mpunga kwa tela lake, tukaiweka bandani ikiwa na dizeli nusu tenki. Wiki iliyopita nimeitoa, haiwaki. Nikaita fundi, akafungua pampu ya dizeli, akaisafisha, akairudisha, hali ni ileile. Sasa anasema kompresheni imekufa, yaani injini haibani hewa tena, ninunue pistoni na ringi. Miche kitaluni ina siku 18, zamu yangu ya maji ni Jumatatu, na bado sijachavanga (kuvuruga tope la kupandia) hata jaruba moja. Msaada wenu tafadhali.

Fundi Dizeli
Pole sana mkuu. Hedi isiguswe kwanza. Nijibu mawili: ukipiga hendeli, ekzosi inatoa moshi? Na ukizungusha bila kuinua kile kikono cha kuachia presha, inakugomea?

Mkulima wa Usangu
Moshi hakuna kabisa, hata harufu ya dizeli siisikii. Nisipoinua kikono haizunguki, ikifika mahali inarudi nyuma kwa nguvu.

Kijana wa Kyela
Chukua kitambaa, kiloweke petroli, weka kwenye mdomo wa hewa, piga hendeli. Itawaka tu.

Fundi Dizeli
Hapana ndugu yangu, usimfanyie hivyo mwenzio. Petroli inalipuka kabla ya wakati wake na pistoni bado inapanda. Nimeona ringi zilizovunjika kwa mtindo huo, na hendeli iliyorudi nyuma ikamvunja kijana mkono.

Mkulima, kama hendeli inakugomea hivyo, kompresheni ipo. Injini hii haina plagi, dizeli inawashwa na joto la hewa iliyobanwa. Ingetoa moshi mweupe bila kuwaka, ningesema dizeli inafika ila haiungui, tukaangalie ringi, valvu au taimingi, yaani wakati dizeli inapoingizwa. Yako haitoi moshi wowote, maana yake dizeli haifiki. Ifuate kutoka tenkini. Fungua bomba linaloingia kwenye pampu, kinga kwa chupa ya maji ya kunywa inayoonyesha ndani, uiache itulie nusu saa. Utuambie umeona nini.

Mkulima wa Usangu
Nimerudi. Mwanzo ilidondoka matone tu. Nilipofungua mfuniko wa tenki ikaongezeka kidogo. Chupani chini kuna maji kama vidole viwili, na juu ya maji kuna uchafu mweusi wa utelezi.

Mama Mpunga
Hata yangu ilinifanyia hivyo. Tenki likikaa nusu, hewa ya usiku inatoa jasho ndani, maji yanashuka chini. Sisi siku hizi tunajaza tenki kabla ya kuifungia. Na hicho kitundu cha mfuniko kimeziba, kizibue kwa waya.

Fundi Dizeli
Mama kasema kweli. Mwaga dizeli yote, osha tenki, badilisha filta. Halafu toa upepo: legeza nati pale bomba linapoingilia pampu, acha dizeli itoke mpaka povu liishe, kaza. Kisha legeza nati ya paipu ya presha upande wa nozeli, ile inayonyunyizia dizeli ndani ya injini, piga hendeli. Inatakiwa itoke kwa kuruka, tone kwa tone. Usiweke kidole mbele ya nozeli, dizeli ya presha inapenya ngozi.

Mkulima wa Usangu
Nimefanya yote. Kwenye pampu inaingia vizuri, haina povu. Kwenye nozeli haifiki hata tone.

Fundi Dizeli
Na pampu ilifunguliwa. Fungua kile kidirisha jirani na pampu, mulika kwa tochi. Kikono cha pampu kina kichwa cha duara, kinatakiwa kiingie kwenye mdomo wa uma wa gavana, kile kinachodhibiti mwendo wa injini. Kipo ndani?

Mkulima wa Usangu
Kipo nje! Kimekaa pembeni ya uma, kimeegemea upande mmoja.

Fundi Dizeli
Hapo hapo. Kimelala upande wa kuzima. Na kingelala upande wa pili, injini ingewaka ikapiga mbio bila kusikia aksileta. Legeza pampu, ingiza kichwa ndani ya uma, na zile gasketi nyembamba zirudi idadi ileile, ndizo zinazoshika taimingi.

Mkulima wa Usangu
WAKUU IMEWAKA! Nilipopiga hendeli mara ya nne nikasikia nozeli inalia krr, krr, nikaachia kikono, ikashika. Ilitoa moshi mweupe dakika moja hivi, ukaisha. Mke wangu katoka jikoni anakimbia. Mungu awabariki. Naweza kuingia jarubani kesho?

Fundi Dizeli
Hongera sana mkuu. Zima kwanza, chomoa kijiti cha oili. Kama oili imepita alama au inanuka dizeli, mwaga yote uweke mpya kabla ya kuipa kazi.

Mkulima wa Usangu
Imepita alama, na inanuka. Nakwenda dukani sasa hivi.