Feni ya oveni inasimama katikati ya kuoka, naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Nina oveni ya umeme yenye feni ukutani kwa nyuma, imezungukwa na koili ya joto. Ninavyoelewa, feni yenyewe haitoi joto. Inazungusha hewa ya moto ili trei ya juu na ya chini ziive sawa. Ndiyo maana tunapunguza kama nyuzi 20, kutoka 180 hadi 160.

Sasa yangu, nikiweka kwenye alama ya feni, inazunguka vizuri oveni ikiwa inapata moto. Joto likifika nililoweka, taa ndogo inazimika na feni nayo kimya. Nimechungulia kiooni kwa tochi: mapanga hayasogei kabisa. Koili kuwaka na kuzima najua ni kawaida, lakini feni si inatakiwa iendelee? Keki ya nyuma inaungua ukingo, ya mbele bado mbichi. Inaniuma kweli.

Nikizima oveni, kuna feni nyingine inavuma dakika kadhaa. Hiyo nadhani ni ya kupoza saketi, haina shida.

Je, nianzie kwenye mota, swichi ya mlango, au kuna oveni zilizoundwa hivyo? Aliyewahi kuifungua anisaidie tafadhali.