Mjadala: Je, kidhibiti cha kiwandani kilichogeuzwa kuwa mashine pepe kinastahili hataza?

Mtoa mada

Naomba tulijadili kwa kina swali linaloendelea kuzigawa ofisi za hataza na mahakama. Kwa miongo mingi, shughuli za viwandani kama vile kusafisha mafuta ghafi, kuchoma saruji au kuchanganya kemikali zimeongozwa na vidhibiti ambavyo ni masanduku halisi, kila kimoja kikiwa na kichakataji chake, kumbukumbu yake na nyaya zake zinazokwenda kwenye vihisi na vali. Honeywell na Yokogawa ziliingiza sokoni mifumo ya udhibiti uliotawanywa mwaka 1975, na wazo la sanduku maalumu kwa kila eneo la mtambo limedumu tangu wakati huo. Sasa kazi ile ile inahamishiwa ndani ya seva za kawaida. Programu iitwayo haipavaiza huigawa seva moja katika mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta zinazoigizwa kwa programu, na kila mashine pepe hushika nafasi ya kidhibiti kimoja. Wanaofanya uhamisho huo huomba hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wote kwa miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi.

Ili tusibishane hewani, nimetunga dai la mfano, yaani maneno ya maombi yanayotaja kile kinachoombewa ulinzi. Ni mfumo wenye seva mbili, kila moja ikiwa na haipavaiza. Vidhibiti pepe vinavyosoma vihisi kupitia mtandao na kuziamuru vali. Na utaratibu wa kukifufua kidhibiti pepe kwenye seva ya pili pale seva ya kwanza inapoharibika. Msimamo wangu ni kwamba dai hili halistahili hataza, lakini sababu yake si ile inayotolewa mara nyingi. Wengi husema ni wazo dhahania, kwa hiyo lisivuke hata mlango wa kwanza. Mimi nasema ni uvumbuzi wa aina inayoruhusiwa, ila limekosa hatua ya uvumbuzi, yaani ni jambo ambalo mtaalamu wa kawaida wa fani angelifikia kwa urahisi. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu anayekataliwa mlangoni anaambiwa kwamba fani yake yote haina nafasi, ilhali anayekataliwa kwa kukosa hatua ya uvumbuzi anaambiwa arudi akiwa na jambo jipya zaidi.

Mahakama ya Juu ya Marekani imeligusa suala hili mara mbili katika mazingira ya kiwanda. Mwaka 1978, katika shauri la Parker dhidi ya Flook, mwombaji alikuwa na fomula ya kusahihisha kiwango cha kengele ya hatari wakati mchakato wa kikemikali unaendelea. Hakueleza vipimo vinapatikanaje wala nini kifanyike kengele inapolia. Alichokitoa kilikuwa namba mpya tu, na mahakama ikamkatalia. Miaka mitatu baadaye, katika Diamond dhidi ya Diehr, mwombaji alitumia mlinganyo wa Arrhenius, unaohusisha joto na kasi ya mmenyuko wa kikemikali, ambao haukuwa mpya hata kidogo, lakini aliunganisha hatua zote: joto ndani ya kalibu linapimwa mfululizo, kompyuta inakokotoa upya muda wa kuivisha mpira, na muda ukitimia mashine inafunguka yenyewe. Kwa kura 5 dhidi ya 4, alishinda. Kidhibiti pepe kinachosoma kihisi na kufunga vali kiko upande wa Diehr, na kuhamishwa kwake kutoka sanduku moja kwenda seva hakukifanyi kiache kugusa mtambo.

Kinachokiangusha ni historia. IBM ilikuwa na mashine pepe katika miaka ya 1960, na mfumo wake wa mashine pepe uitwao VM/370 ulitangazwa mwaka 1972. Watafiti wa kompyuta Popek na Goldberg walichapisha masharti rasmi ya mashine pepe mwaka 1974. Vidhibiti viwili viwili, kimoja kikifanya kazi na kingine kikisubiri, ni desturi ya zamani ya mitambo mikubwa. Ukivitia vitu hivi viwili ndani ya dai moja, upya kwa maana kali ya sheria unaweza kuwepo, kwa kuwa upya huvunjwa tu na chanzo kimoja chenye vipengele vyote vya dai. Lakini mtaalamu wa kawaida wa fani angevijumlisha bila kuhangaika.

Mchangiaji wa kwanza

Namshukuru mtoa mada kwa kutuwekea dai la mfano, lakini siafiki kwamba mlango wa kwanza uachwe wazi kiasi hicho. Vali iliyotajwa katika dai hilo ni pambo. Iondoe vali, uweke taa au skrini, na kile ambacho mwombaji anadai kukivumbua kitabaki vile vile: programu iliyohamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Katika Flook yenyewe mahakama ilionya kwamba kitendo kinachoongezwa baada ya hesabu kumalizika hakiwezi kuigeuza fomula kuwa uvumbuzi, kwa maana mwandishi yeyote hodari wa madai angeweza kukibandika.

Tangu uamuzi wa Alice dhidi ya CLS Bank wa mwaka 2014, swali Marekani ni la hatua mbili: dai linaelekezwa kwenye wazo dhahania? Kama ndiyo, kuna nyongeza gani iliyo zaidi ya matumizi ya kawaida ya kompyuta? Mwaka 2016, katika Electric Power Group dhidi ya Alstom, madai ya kukusanya takwimu za gridi ya umeme, kuzichambua na kuzionyesha yalianguka. Mwaka 2019, katika ChargePoint dhidi ya SemaConnect, vituo vya kuchajia magari vilivyounganishwa na mtandao navyo vilianguka, ingawa kituo cha kuchajia ni chuma na waya unavyoweza kuvishika. Kiini cha maombi hayo kilikuwa mawasiliano ya mtandao, na vifaa halisi vilikuwa mahali pa kuyafanyia.

Kuna jambo la haki pia. Kampuni ndogo ikishtakiwa kwa hataza mbovu, ustahiki, yaani swali la mlango wa kwanza, unaweza kuamuliwa mwanzoni mwa shauri, kabla ya gharama kubwa za ushahidi wa kitaalamu. Hoja ya kukosa hatua ya uvumbuzi kwa kawaida inadai wataalamu, nyaraka za zamani na muda mrefu. Ukimwambia mdogo asubiri huko mbele ndipo apate haki yake, mara nyingi atakuwa ameshalipa fidia ya maelewano ili aachwe.

Mtoa mada

Hoja ya gharama ni nzito na siipuuzi. Hata hivyo dawa yake inapaswa kuwa taratibu za bei nafuu za kupinga hataza, wala si kulitumia swali la ustahiki kufanya kazi ambayo halikuundiwa. Tazama American Axle dhidi ya Neapco. Dai lilihusu kutengeneza mhimili wa gari wenye mtetemo mdogo, kazi ya chuma tupu, na bado likaangushwa mwaka 2020 kwamba linaegemea kanuni ya Hooke, ile kanuni ya fizikia kuhusu nguvu na mnyumbuko. Mahakama ya rufaa ilipoombwa kulisikiliza upya kwa jopo kamili, majaji waligawanyika 6 kwa 6, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikakataa kuingilia. Kipimo kinachowagawa majaji wa fani moja nusu kwa nusu juu ya mhimili wa gari hakiwezi kumwongoza mhandisi anayetaka kujua kama kazi yake italindwa.

Linganisha na Thales Visionix dhidi ya Marekani, la mwaka 2017. Vihisi vya mwendo vilijulikana na hesabu zilijulikana, lakini kihisi kimoja kuwekwa kwenye kofia ya rubani na kingine kwenye ndege, na mwendo ukapimwa kwa kurejelea ndege badala ya dunia, kulitosha kuvuka mlango. Aliyesoma mashauri haya kwa pamoja atakiri kwamba kilichotofautisha matokeo ni kama mpangilio wenyewe ulikuwa wa kawaida au la. Hilo ni swali la upya na hatua ya uvumbuzi lililovishwa jina la ustahiki, na linajibiwa bila nyaraka za zamani kupekuliwa ipasavyo.

Ulaya wamelipanga jambo hili vizuri zaidi, kwa maoni yangu. Ibara ya 52 ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya inazitenga programu za kompyuta zikidaiwa zikiwa peke yake, lakini tangu uamuzi wa T 258/03 wa bodi ya rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya kuhusu maombi ya Hitachi, kutajwa kwa kifaa chochote cha kiufundi kunatosha kuvuka kizuizi hicho. Kazi ngumu hufanyika baadaye, kwa njia iliyotokana na uamuzi wa COMVIK wa mwaka 2002: vipengele visivyochangia utatuzi wa tatizo la kiufundi havihesabiwi wakati wa kupima hatua ya uvumbuzi. Mwaka 2021, katika uamuzi wa G 1/19, Bodi Kuu ya Rufaa ya ofisi hiyo ilithibitisha kwamba hata uigaji wa kompyuta hupimwa kwa njia hiyo hiyo. Dai langu la mfano lingeingia ndani, lingesikilizwa, kisha lingekataliwa kwa sababu zinazoeleweka.

Mchangiaji wa pili

Nimefanya kazi na mifumo ya udhibiti, na ninaona nyote wawili mnadhani kwamba kuhamisha kidhibiti kwenda kwenye mashine pepe ni kunakili faili. Mtoa mada anasema mtaalamu wa kawaida angelifanya bila kuhangaika. Ningependa amwone mtaalamu huyo akilifanya kwenye tanuri linalowaka.

Kidhibiti cha mchakato hakihesabiwi kuwa sahihi kwa kutoa jibu sahihi tu, bali kwa kulitoa kwa wakati. Kama mzunguko wa udhibiti umepangwa kurudiwa kila milisekunde 10, basi jibu linalokuja mara baada ya milisekunde 10 na mara baada ya 40 ni baya hata kama hesabu yake haina kosa, kwa sababu vigezo vilichaguliwa kwa kudhani muda haubadiliki. Haipavaiza za vituo vya data ziliundwa kugawana kichakataji kwa haki kati ya wapangaji wengi, na ugawaji huo wa haki ndio unaoleta kusuasua kwa muda. Mizunguko ya joto inayokwenda kwa sekunde kadhaa inastahimili. Shinikizo la kompresa halistahimili.

Kisha kuna kuhama. Kidhibiti cha aina ya PID, kinachotumia kosa (tofauti kati ya kipimo na lengo) la sasa, limbikizo lake na kasi ya kubadilika kwake, hulimbikiza kosa lililopita, na limbikizo hilo ndilo linaloishikilia vali mahali pake pale ambapo kosa la sasa ni sifuri. Ukikifufua kwenye seva ya pili na limbikizo likiwa sifuri, vali itaruka. Ukikifufua na nakala iliyochelewa, kitatoa amri inayolingana na hali ambayo mtambo umeshaiacha. Wakati huo huo seva ya kwanza inaweza kuwa haikufa bali imekatika mtandao tu, nayo inaendelea kutuma amri, na vali moja ikawa na mabwana wawili. Kuhama bila mruko kati ya mkono na otomatiki ni maarifa ya zamani. Kufanya hivyo kati ya seva mbili ambazo hakuna hata moja inayojua kwa hakika kama mwenzake yu hai ni tatizo jingine, na mara nyingi suluhisho lake halimo katika vitabu vya watu wa seva wala vya watu wa udhibiti.

Kuhusu upya, nawakumbusha kwamba maarifa mengi ya fani yetu hayamo katika hataza za awali ambazo mkaguzi huzipekua. Yamo katika miongozo ya watengenezaji, michoro ya miradi na programu zinazoendesha mitambo iliyofungwa kwa mikataba ya usiri. Ulaya, kilichotumika kwa siri hakivunji upya, kwa kuwa hakikufikia umma. Marekani, uamuzi wa Helsinn dhidi ya Teva wa mwaka 2019 ulisema hata mauzo yaliyofanywa chini ya usiri yanaweza kuhesabiwa. Kwa hiyo mpangilio ule ule unaweza kuwa mpya upande mmoja wa bahari na wa zamani upande wa pili. Afadhali viwango vya wazi: kiwango cha O-PAS cha mifumo wazi ya udhibiti wa viwanda, kilichotokana na jukwaa lililoundwa chini ya shirika la viwango la The Open Group mwaka 2016, toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2019, na kila kilichoandikwa humo ni ushahidi ambao mkaguzi yeyote anaweza kuusoma.

Mchangiaji wa kwanza

Maelezo ya mchangiaji wa pili yananishawishi kuhusu ugumu wa kazi, lakini ugumu huo haumo katika dai la mfano. Katika KSR dhidi ya Teleflex, mwaka 2007, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa dai la kuweka kihisi cha kielektroniki kwenye kanyagio la gari linalorekebishika, kwa kuwa soko zima lilikuwa likihamia kwenye vihisi na mahali pa kukiweka palijulikana. Viwanda vyote sasa vinahamia kwenye seva. Anayedai kuhama kwenyewe anadai njia ambayo kila mtu anaipita.

Mtoa mada

Hapo ndipo tunapokaribiana. Nakubali pia kwamba mtaalamu wa fani hapa si mtu mmoja bali timu, mmoja anayejua udhibiti na mwingine anayejua seva, na ofisi ya hataza ikimchagua mmoja tu itaona kila kitu kuwa cha ajabu kwa sababu hakimo katika vitabu vyake.

Basi nilibadilishe dai. Moduli ya mtandao iliyo karibu na vali inashikilia namba ya zamu inayopanda kila kidhibiti pepe kinapofufuliwa, na inakataa amri yoyote yenye namba ya chini. Kidhibiti kipya, kabla ya kutoa amri ya kwanza, kinasoma nafasi halisi ya vali na kulikokotoa limbikizo lake kutoka kwenye nafasi hiyo badala ya kutumia nakala iliyochelewa. Na vali inabaki ilipo mpaka hesabu hiyo ikamilike, mradi muda usizidi kikomo kilichowekwa kwa mzunguko husika. Kila kipengele kikitazamwa peke yake kina ndugu yake wa zamani. Namba za zamu zinajulikana katika kompyuta zilizotawanywa, na kukokotoa limbikizo kinyumenyume kunajulikana katika udhibiti. Swali ambalo mkaguzi anapaswa kulijibu kwa nyaraka mkononi ni kama kuna lolote lililoielekeza timu ile kuviunganisha kwenye moduli ya vali, mahali ambapo seva iliyokatika mtandao haiwezi tena kufanya madhara. Likikosekana, ningempa mwombaji hataza, kwa sharti kwamba maelezo yake yaonyeshe kikomo hicho cha muda kinavyokokotolewa kwa mzunguko wa haraka na kwa mzunguko wa polepole, ili mwingine aweze kukijenga baada ya miaka 20 kuisha. Na mchangiaji wa kwanza angeweza kuliondoa neno vali katika dai hili ili aone kinachobaki: bila kusoma nafasi yake, hakuna hesabu ya kufanya.