Mjadala: Wenye Luku Dar wachangie ulinzi wa kwale wa Udzungwa?

Sinza: Naweka hoja mezani, wadau. Kila mwenye Luku Dar, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, akatwe shilingi 100 kwa mwezi, zilinde misitu ya Ndundulu na Nyumbanitu kwenye milima ya Udzungwa. Ndiko aliko kwale wa Udzungwa, ndege wa chini kwenye misitu ya ukungu, ambaye wanasayansi walimjua mwaka 1991 tu na jamaa zake wa karibu wako Asia. Maji ya milima ile yanaishia Rufiji, na Rufiji ndiyo inayozungusha mitambo ya Bwawa la Nyerere. Feni zetu zinazunguka, msitu haupati kitu.

Tabata: Mkuu, Luku imegeuka kapu. Kodi ya jengo imo humo tangu 2021, na mara nyingi anayeilipa ni mpangaji, mwenye nyumba kakaa kimya. Halafu maji hayamhitaji kwale. Hata wakiisha wote, mto utatiririka vilevile. Tusichanganye.

Mbagala: Hapo umegonga penyewe. Kwenye picha za setilaiti msitu unaonekana mzima, kumbe chini hamna ndege. Adui ni tanzi. Mtegaji analaza matawi na vijiti, anapata kiuzio cha chini kinachokatiza mgongo wa mlima. Kila baada ya hatua chache anaacha mwanya, na ndani yake tanzi la nailoni au waya wa breki ya baiskeli. Kwale hutembea kikundi, wakichakura majani makavu kutafuta mbawakawa, sisimizi na mbegu. Wakikuta uzio hawauruki, wanaufuata mpaka mwanya. Anayetangulia ananasa. Leo kwale, kesho paa, tanzi halichagui.

Sinza: Si ndiyo maana tunataka pesa ya doria?

Mbagala: Doria ipi? Gari haliokoti tanzi hata moja. Watu sita wanakwenda sambamba, mita tano hadi kumi baina yao, wakipiga kambi hukohuko juu. Waya unakatwa na kubebwa, na vijiti vinabomolewa vyote. Ukitoa tanzi ukaacha uzio, mtegaji umemfanyia nusu ya kazi: anarudi na nailoni mpya tu.

Kigamboni: Mkumbuke mto Kihansi, hukohuko Udzungwa, jamani. Maporomoko yalipochepushwa kwa ajili ya umeme, chura wa pale alikosa manyunyu, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Waliosalia walikuwa wakifugwa Marekani. Kumrejesha ni ghali kuliko posho za hao watu sita.

Tabata: Doria siikatai, naikataa mita ya mpangaji. Alipe mwenye mitambo, kutoka mapato yake. Na walipwe kwa kilomita walizotembea, si kwa idadi ya tanzi. Ukilipa kwa tanzi, utaletewa waya mpya wa dukani.

Sinza: Sawa. Na mwenye mitambo akiipachika gharama hiyo kwenye bei ya uniti?