Insha za Kiingereza: mtoto katoka kidato cha tatu Dodoma, sasa yuko darasa la 11 Ohio

Kutoka: Mama Columbus

Salaam wanajumuiya. Mtoto wa dada amehamia kwetu akitokea Dodoma. Kule Kiingereza alikuwa anaongoza. Huku insha yake ya kwanza imerudi na C, pembeni imeandikwa kwamba kasimulia kitabu tu. Mwalimu wetu wa Kisasa, Dodoma, shikamoo. Tuanzie wapi?

Kutoka: Mwalimu, Dodoma

Marahaba mwanangu. Kwanza usimtafutie tuisheni ya sarufi, tatizo haliko huko. Mtoto ameandaliwa kwa mtihani wa Baraza la Mitihani, na swali la fasihi pale lina sura yake: tumia vitabu viwili, toa hoja tatu kwa kila kimoja. Darasa limefurika, nakala za kitabu ni za kugombania, basi mwalimu anaorodhesha dhamira ubaoni, watoto wananakili, wanakariri, wanafaulu. Simlaumu mtu, kazi hiyo nimeifanya mwenyewe.

Huko wanaweza kukaa na kitabu kimoja wiki kadhaa, na wanachotaka kujua ni mwandishi amefanyaje. Chukua tamthilia ya Soyinka, The Lion and the Jewel. Mtoto wetu ataandika: kuna mgongano wa ukale na usasa, kwa sababu Lakunle, mwalimu wa kijijini, hataki kumlipia mchumba wake Sidi mahari. Ni kweli, na kwetu anapata alama. Mwalimu wa huko atamrudisha kwenye maelekezo ya jukwaani, pale Lakunle anapoingia na suti ya Kiingereza ya mtindo wa zamani, imechakaa, ni safi lakini haijapigwa pasi, tena inambana. Haya, suti hiyo inatuambia nini juu ya usasa anaouhubiri? Aya nzima itoke hapo: dai lake, nukuu fupi, kisha maelezo yake mwenyewe, marefu kuliko nukuu.

Analiweza hilo. Kwenye Kiswahili amechambua fani na maudhui, anajua taswira na kejeli zinafanya kazi gani. Tatizo hakuna aliyemwambia kwamba ujuzi uleule unaruhusiwa kwenye Kiingereza. Mpe ukurasa mmoja tu kila jioni, aandike aya moja. Insha nzima isubiri.

La kumwambia leo leo ni madesa, yaani notisi za kukariri. Huku kwetu kumeza notisi za mwalimu neno kwa neno ni bidii. Huko akibandika sentensi za intaneti bila kutaja alikozitoa, ataambulia sifuri, na pengine mtaitwa shuleni.

Kutoka: Baba Minnesota

Naongezea kidogo. Majimbo mengi yanadai miaka minne ya Kiingereza ili mtoto ahitimu, kwa hiyo wahini kwa mshauri wa masomo na matokeo ya kidato cha pili pamoja na ripoti za shule, aone yapi yatahesabiwa. Wakimpima lugha wakataka kumweka na wanaojifunza Kiingereza, msinune, ulizeni tu atatokaje. Wa kwangu alianzia huko, na darasa la 12 akafanya AP ya fasihi, yaani mtihani wa kiwango cha chuo unaofanywa sekondari: mbali na maswali ya kuchagua, insha tatu kwa saa mbili, moja ya shairi ambalo pengine hujawahi kuliona. Hapo ndipo zile aya za jioni za Mwalimu zitamfaa.