Fedha za korosho kununua hisa zilizoshuka bei: tuingie au tukae mbali?

Mwanzisha mada, Masasi
Ndugu zangu, malipo ya mnada yakiingia benki mazungumzo ni yaleyale: bati, bodaboda, kiwanja. Naleta hoja nyingine tuipasue. Sehemu ya fedha hizo iende kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, yaani fedha za watu wengi chini ya meneja mmoja, unaonunua hisa ambazo bei yake sokoni ni ndogo ukilinganisha na faida na mali za kampuni. Mimi nasema iende. Hisa za CRDB ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Mwaka 2019 zilikuwa chini ya bei hiyo, na benki ilikuwa inapata faida. Mwaka 2024 zilivuka 500. Waliozinunua wakati wengine wanazikimbia wamevuna vizuri.

Mkulima, Newala
Mwalimu uliyeanzisha mada, umechagua mfano uliokaa upande wako. Vodacom mwaka 2017 waliuza hisa kwa 850, na miaka kadhaa baadaye bado zilikuwa chini ya hapo. Bei ikishuka haina maana kitu kimekuwa rahisi, huenda kampuni yenyewe inaumwa. Halafu mwezi wa tano mimi nataka hela ya salfa, dawa ya mikorosho, na ya vibarua wa kupulizia. Nitamwambia nani asubiri soko lipande?

Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), Nachingwea
Tusichanganye mifuko. UTT AMIS, kampuni inayoendesha mifuko ya namna hii, ina mfuko wa Umoja, ulioanza 2005, unaochanganya hisa na hatifungani, yaani mikopo kwa serikali au kampuni inayolipa riba. Mfuko wao mwingine, Ukwasi, hauendi kwenye hisa. Ukinunua kipande cha Ukwasi usiseme umeingia kwenye hisa za bei ndogo.

Mwanzisha mada, Masasi
Karani ameniongezea nguvu: swali la kwanza kwa meneja wa mfuko liwe, hisa ni sehemu gani ya fedha zetu, na mnazichagua kwa kipimo gani? Kipimo kinaeleweka hata na sisi. Hisa ikiuzwa 400 na kampuni ikapata faida ya 100 kwa kila hisa, bei ni mara nne ya faida. Nyingine ikiuzwa mara ishirini, meneja atueleze kwa nini kaiacha ile ya kwanza, au kwa nini kaichukua. Pengine faida ile ilitokana na kuuza jengo na haitarudi mwakani. Pengine madeni ni makubwa. Kazi hiyo ya kusoma hesabu mkulima mmoja haiwezi, ndiyo sababu nautaka mfuko wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, wala si kila mtu kununua hisa zake peke yake.

Mzee wangu wa Newala, hela ya salfa isiguse huko kabisa, hapo tuko pamoja. Lakini sote tunaijua kangomba. Mnunuzi anapata korosho kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenye shamba ana shida leo. Kwenye soko la hisa la Dar es Salaam ni hivyohivyo: mwenye haraka anamuuzia asiye na haraka. Kwa nini sisi wa Kusini tuwe upande wa wenye haraka siku zote?

Mkulima, Newala
Kwa sababu hatuna akiba, Mwalimu. Anayepiga kangomba ana ghala na ana mtaji. Mpe mkulima akiba kwanza, hisa baadaye. Na soko lile ni dogo, kampuni zake ni za kuhesabu. Siku wanachama wengi wakidai fedha kwa pamoja, meneja atamuuzia nani hisa zile?

Mama muuza samaki, Lindi mjini
Hilo la kutoka ndilo linalonikereketa. Kikundi chetu tunagawana kila mwisho wa mwaka, kwa hiyo kwetu hisa hapana, tutaweka Ukwasi. Ila fedha ninayomwekea mwanangu aliye darasa la pili, mpaka afike chuo, nitaiingiza kwenye hisa. Mwalimu, nitajie ada ya kuingia, ya kutoka, na ya meneja kila mwaka. Nikishaziona zote tatu ndipo nitasema kiasi.