Kimashine cha lebo "kisichotaka wino" kimenichanganyia miche 140 ya maembe

Asalaam alaykum jamani. Nimekuja na hasira na sizifichi.

Nina kitalu Fuoni. Naotesha viungo kidogo, mdalasini na mkungumanga, lakini kinachonilisha mimi na wanangu ni maembe ya kubebesha, yaani kijiti cha mwembe mzuri kinaunganishwa juu ya mche mwengine: boribo, dodo na sindano. Anayejua kazi hii anaijua shida yake. Mche wa boribo na wa dodo vikiwa kwenye viriba hakuna tofauti ya kuiapia. Mtu ananunua kwa kuniamini, anakwenda kupanda, anamwagilia miaka mitatu minne, ndio aone tunda. Kwa hivyo lebo kwangu si pambo, ndiyo mali yenyewe.

Mwezi wa tatu, kabla masika hayajashika, nikaenda Darajani nikamueleza muuzaji neno kwa neno: nataka lebo ya kukaa nje, jua na mvua, mwaka mzima kwa uchache. Akanitolea kimashine cha kiganjani, unakiunganisha na simu, unaandika, kinatema lebo. "Hiki hakitaki wino, na lebo zake haziingii maji." Akaimiminia maji ya chupa mbele ya macho yangu. Kweli haikulowa. Nikatoa laki na sitini na tano, na roli nne juu yake.

Nani alimuuliza maji peke yake? Mimi nilisema JUA!

Hakitaki wino kwa sababu karatasi yake imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata moto. Ni ile ile ya risiti, ila juu imevishwa plastiki na chini ina gundi. Sasa maandishi ya namna hiyo uyaanike kwenye jua la Unguja, nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta! Mwanga unaila ile rangi mpaka inapauka. Masika mawingu yalizisitiri. Lilipoanza jua la kipupwe zikaanza kufifia, na mwezi wa nane nimekwenda kusoma safu ya ukutani, nyeupe pe. Miche iliyokuwa chini ya makuti bado inasomeka kwa tabu. Iliyokuwa juani, 140 nimeihesabu mara mbili, haina hata herufi moja. Vikonyo vyake, vile vijiti vya kubebeshea, nilivikata kwa mkono wangu, na leo sijui kipi ni kipi.

Nikamrudia. Akataka risiti. Nikaitoa mfukoni, nayo imefutika! Akanambia haoni tarehe wala bei, hawezi kunisaidia. Karatasi yake mwenyewe, dawa ile ile, halafu kosa langu mimi.

Wauzaji, mtu akikwambieni lebo ya bustani, mwambieni inachapwaje. Zipo mashine za utepe wa wino: kichwa kinashika moto, wino unayeyuka kutoka kwenye utepe unaganda juu ya lebo ya plastiki. Hapo mtake utepe wa resini, maana wa nta unakwaruzika upesi. Zipo na zile ambazo maandishi yanakaa katikati ya matabaka mawili ya plastiki, kama utepe wa TZe wa kampuni ya Brother. Nazo jua litazichosha mwisho wake, lakini si kwa miezi mitano. Na lebo yoyote ipachikwe kwenye kitu kisafi, kikavu, kisicho na mafuta, au gundi itaachia tu.

Kabla hujatoa pesa, chukua lebo moja ikwaruze kwa ukucha, haraka na kwa nguvu. Ikitoka mstari mweusi, hiyo ni karatasi ya moto, iache hapo hapo. Zile zilizovishwa plastiki nene zinaweza kukudanganya, basi uliza swali moja: wino uko wapi? Akijibu hakuna, ondoka.

Marehemu baba yangu alikata makopo ya soda, akaandika kwa ncha ya msumari juu ya kitu laini ili herufi zizame, akafunga kwa waya wa shaba, akiuacha ulegee usije ukaukaba mti. Mkungumanga wa nyuma ya nyumba unacho kibati chake mpaka leo. Ukifumba macho unakisoma kwa kidole. Mimi nimerudi huko huko. Tangu wiki iliyopita nakata makopo, vidole vimejaa chale.

Lakini kibati hakiwezi kunambia jina lililokwisha kufutika. Jumamosi anakuja mteja kutoka Wete kuchukua boribo thelathini, na ameshalipa nusu. Nimempigia nikamueleza ukweli, kuwa ya uhakika ninayo kumi na moja tu. Pesa iliyobaki namrudishia.

Mwenye mashine ya utepe wa wino, Unguja au Pemba, anayeuza au hata kukodisha kwa siku moja, naomba aniandikie hapa.