Tupeane uzoefu: Kutengeneza upinde uliochanika mgongoni

Wanajukwaa, heshima kwenu. Naomba waliowahi kutengeneza upinde wa mbao uliochanika mgongoni, yaani upande unaotazama shabaha, waeleze walivyofanya. Upinde unapovutwa, mgongo hutanuliwa na tumbo, yaani upande unaomtazama mpigaji, hugandamizwa, kwa hiyo kibanzi kikiinuka mgongoni hakifai kupuuzwa hata kikiwa chembamba.

Upinde wangu ni wa mti wa mkole, na mgongoni nimeubandikia ubapa wa mwanzi. Kibanzi kiliinuka kwenye fundo la mwanzi, mahali ambapo nyuzi hupinda na kupungua nguvu. Nilivua upote, yaani kamba ya upinde, nikapitisha pamba mgongoni kote taratibu, kwa kuwa pamba hunasa penye ufa ambao jicho halijauona. Kisha niliukunja upinde kidogo kwa mikono ili ufa ufunguke, nikadondosha supagluu nyepesi, ile inayopenya yenyewe, nikafunika kwa nailoni na kukaza kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Ilipokauka nilipiga msasa laini, nikazungushia uzi wa kitani uliolowa gundi, ukivuka ncha zote mbili za ufa. Unavutika vizuri, ingawa ninaamini kwamba uzi huzuia kibanzi kisiendelee kuinuka tu; nyuzi zilizokatika haziungani tena. Tafadhali elezeni ufa wenu ulikuwa na kina gani, na ulisababishwa na nini.

Mchangiaji wa pili:
Wangu haukuchanika, bali ubapa uliachana na mbao karibu na ncha. Supagluu haikufaa, kwa sababu nafasi ilikuwa pana, nayo haijazi pengo. Nilikwangua gundi ya zamani kwa kipande cha msumeno wa chuma, nikatumia epoksi, ile ya mirija miwili. Nawasihi msiikaze kupita kiasi, maana gundi yote hutoka pembeni na kiungo hubaki kikavu.

Mchangiaji wa tatu:
Kibanzi changu kilianzia ukingoni na kukata mgongo kwa mshazari, na kwa hali hiyo sikuona faida ya kuzungushia uzi. Niliondoa ubapa wote kwa randa, nikabandika ngozi mbichi ya mbuzi iliyolowekwa hadi ikalainika, nikaifunga kwa bendeji na kuiacha ikauke kivulini. Ngozi huongeza uzito kwenye mikono ya upinde, yaani sehemu zake mbili zinazokunjika, na mshale hupungua kasi kidogo, kwa hiyo niliikwangua ikawa nyembamba.

Vyanzo vya ufa vilikuwa viwili: kona za mgongo zilikuwa kali, na mkono uliochanika ulikuwa ukikunjika sehemu moja tu kama goti. Kona nilizifanya za mviringo kwa tupa. Mkono niliupunguza tumboni, pande zote mbili za lile goti, bila kuligusa lenyewe, hadi mkunjo ukasambaa. Bila marekebisho hayo, ninaamini hata ngozi ingepasuka.

Mchangiaji wa nne:
Nashukuru kwa maelezo hayo. Mimi ninafikiria kutumia kano za miguu ya ng'ombe, zilizopondwa na kuchambuliwa nyuzi, kama zilivyotumika kwenye pinde za Waturuki na Wamongolia. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba gundi ya kuzibandikia, ile inayotengenezwa kwa ngozi za wanyama, hulainika unyevu unapozidi, nami ninaishi Tanga. Aliyewahi kuitumia pwani atueleze aliikinga kwa kitu gani.